Mmea Uliotaka Maji ya Mvua

Maji ya kisima yakichemka mara ya pili huwa na harufu yake. Si harufu mbaya. Ni kama ya ubao wa shule uliofutwa kwa kitambaa kibichi, na chini yake kuna kitu cha chuma. Wiki iliyopita nilikuwa Kitisuru, mtaa wa matajiri, kwa mteja wangu mmoja, na mpishi wa nyumba hiyo akafungua birika ili anionyeshe jinsi lilivyoganda weupe ndani. Harufu ikanipanda puani. Nilikuwa nimefika pale kama mtu wa kazi yake, gari lenye jina langu ubavuni, kipimo cha chumvi mfukoni, lakini nilibaki nimeliinamia lile birika. Mpishi akadhani nimeudhika.

"Boss, si tunachemsha?" akasema. "Kila siku tunachemsha. Mbona bado inaleta hii kitu?"

Swali hilo naulizwa karibu kila nyumba, na linanichosha. Kuchemsha kunaua vijidudu. Chumvi haifi. Unapochemsha maji yanapungua, chumvi inabaki pale pale, kwa hiyo kila unavyozidi kuchemsha ndivyo yanavyozidi kuwa mazito. Nimewaeleza mameneja wa hoteli, wakuu wa shule, na majirani zangu wenye visima, na wote huitikia kwa kichwa kisha wanaenda kuchemsha.

Mimi najua ninachosema. Nilikwenda nchi za Ghuba kubeba mabomba begani, nikarudi na diploma ya usafishaji wa maji. Hakuna mjomba aliyenishika mkono, hakuna mheshimiwa aliyenipigia simu. Mchana nilibeba mabomba katika kiwanda kinachogeuza maji ya bahari yakanyweka, jioni nikasoma kitandani huku wenzangu sita wakicheza karata chumba hicho hicho. Diploma iko ukutani sebuleni kwangu, ndani ya fremu. Pale kwetu Mutuini, mahali palipokuwa na mahindi na nyasi ya nepia ya ng'ombe, nimejenga vyumba kumi na viwili vya kupangisha. Na zile nyumba za Kitisuru ambazo baba yangu aliingia kupitia mlango mdogo wa pembeni akiwa amebeba fyekeo, mimi nafunguliwa lango zima. Mtu akisema najivuna, ni kweli. Nimevitolea jasho.

Lakini kuna mmea mmoja ulinishinda nikiwa na miaka tisa, na harufu ya lile birika ilinirudisha kwake.

Baba alikuwa mtunza bustani kwa mjane mmoja huko Kitisuru. Sisi tulimwita Madam, kwa sababu yeye alimwita hivyo. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni, lakini juu ya mimea hakuna aliyemshinda. Barazani kwake, ndani ya chumba kidogo cha vioo, alikuwa na mmea uliotoka visiwa vya mbali huko Asia, kwenye milima ambako ukungu haukomi. Majani yake yalikuwa marefu na mazito. Ncha ya kila jani ilirefuka ikawa kamba nyembamba, na mwisho wa kamba ukaning'inia mtungi wenye kifuniko, mwekundu kwa madoadoa, na ndani yake maji. Nzi akitua mdomoni mwa mtungi anateleza, anazama, mmea unamla. Mara ya kwanza Baba kutusimulia, Mama alimwambia aache uongo mbele ya mtoto.

Baada ya Krismasi Madam akawa anasafiri kwenda kutibiwa ng'ambo, kwa miezi kadhaa, na ile nyumba ingepangishwa kwa watu wenye mbwa na watoto. Akamwita Baba. Maneno yake Baba alitusimulia mezani usiku huo, na baadaye tena na tena, hadi nikayajua kama sala. Madam alikuwa na rafiki mwenye kitalu kikubwa cha maua, na rafiki huyo alitafuta mtu wa kutunza mimea migumu, ile ya kutoka nje. Madam alisema: "Samuel, chukua hii nyumbani kwako. Mimi nikirudi nikute iko mzima, na imetoa mtungi mpya, nasema wewe ndio mtu ya ile kazi."

"Ni kazi ya barua," Baba akamwambia Mama.

Nyinyi mliolelewa na vibarua mnajua uzito wa neno hilo. Baba alilipwa kwa siku. Siku anayougua hakuna kitu, siku ya mvua kubwa hakuna kitu, na Madam akifa hakuna kitu. Kazi ya barua ilikuwa na likizo, na kadi ya hospitali, na mtu kuitwa jina lake lote.

Basi mmea ukaja Mutuini ndani ya katoni, juu ya magoti ya Baba. Ulikuwa na mitungi miwili. Baba akautengenezea kijumba cha nailoni nyuma ya jikoni, mahali penye kivuli, akautundika kwenye kijiti. Haukupandwa kwenye udongo bali katika majani laini ya msituni yanayofyonza maji kama sponji. Masharti yalikuwa matatu. Usiupe mbolea yoyote. Uunyunyizie unyevu asubuhi na jioni. Na maji yawe ya mvua tu.

Hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Nyumbani kwetu tulikuwa wanne. Baba, Mama, mimi, na Cucu, mama yake Baba. Mama ametoka Kakamega, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili, na Cucu, aliyejifunza lugha hiyo ukubwani kwa ajili ya mkaza mwanawe, aliivunja bila aibu. Mimi naitwa Njoroge, jina la marehemu mume wake, kama ilivyo desturi kwa mwana wa kwanza. Kwa hiyo Cucu aliniita mume wangu. "Mume wangu, umekula? Mume wangu, kwa nini unaacha mke yako akae na baridi?" Baba naye, akiwa na furaha, aliniita Baba, kwa kuwa nilikuwa baba yake. Shuleni nikiwaeleza wenzangu wa kutoka magharibi walicheka hadi wakaanguka.

Cucu alikuwa mkulima wa kweli. Kwake hakuna mmea usiopewa samadi, kama vile hakuna mtoto asiyepewa uji. Alipoona mgeni wetu kwenye kijumba cha nailoni alizunguka mara mbili.

"Hii inaumwa," akasema.

"Haiumwi, Mama," Baba akajibu. "Iko hivyo."

"Haina mchanga, haina mbolea. Hata mimi nikiwekwa hapo nitakula nzi."

Wiki ya pili Baba alirudi kutoka kazini akakuta punje za samadi ya mbuzi zimepangwa vizuri kuzunguka shina, kama shanga. Sijawahi kumwona akikimbia ndani ya boma lake, isipokuwa siku hiyo. Aliziokota moja moja kwa vidole, akaumwagia mmea maji ya mvua mpaka yakapita chini. Alimsemesha Cucu kwa sauti ya chini, na hiyo kwa Baba ilikuwa mbaya kuliko kelele. Cucu akajibu kwamba yeye amelea kahawa, viazi na watoto saba, na hakuna kilichokufa kwa kushiba. Lakini hakurudia tena. Hilo naliapa.

Halafu mvua ikaisha. Tangi letu la simenti lilikuwa na ufa, tukabaki na pipa moja la maji yaliyotoka kwenye mabati. Wenyeji wa upande wetu mnajua maji ya kisima chetu: yana magadi, yanatia meno rangi ya kahawia. Tuliyatumia kufulia, kupikia na kuoga. Maji ya mvua yalikuwa ya chai, na hasa chai ya Cucu, ambaye alikunywa asubuhi na saa kumi, majani mengi, maziwa mengi, kimya. Kwa mtu aliyekuwa na mdomo kama wake, ule unyamavu ulikuwa kitu cha kuheshimiwa.

Baba alichovya fimbo kwenye pipa, akapima, akahesabu miezi kwa vidole. Kesho yake akaleta kufuli. Akatoboa kifuniko cha pipa, akalifunga. Funguo akanivika mimi shingoni kwa kamba ya kiatu, kwa kuwa yeye na Mama, aliyepika kwenye shule moja ya Kabiria, waliondoka alfajiri.

"Mkebe mmoja kwa siku," akaniambia. "Nusu asubuhi, nusu jioni. Hiyo ni ya mmea. Si ya mtu. Umeskia, Baba?"

"Nimeskia."

Cucu alikuwa mlangoni. "Samuel. Na chai?"

"Mama, ni mpaka mvua inyeshe. Kunywa ya kisima."

"Maji ya Mungu unafunga na kufuli?"

Baba hakumtazama. Alivaa koti lake akaenda kazini, maana wapangaji wapya walikuwa bado wanamtaka akate nyasi.

Sasa mmea wenyewe. Nitasema ukweli: niliuchukia kwa namna ambayo sijawahi kuchukia kitu kisichoweza kuongea. Ile mitungi miwili uliyokuja nayo ilinyauka ndani ya mwezi mmoja, ikawa kama soksi zilizokaushwa. Baba alisema ni kawaida, umehama, utatoa mingine. Ukatoa jani. Ncha ya jani ikarefuka, ikajipinda, na mwishoni kukatokea kitu kidogo kama punje ya njegere. Nilikimbia kumwita kila mtu. Kila asubuhi nilipima kwa kidole. Ikafikia ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Halafu asubuhi moja ikawa na doa jeusi, na kwa siku mbili ikakauka. Ukatoa jani lingine na njegere nyingine. Nikanyunyizia mara nne kwa siku badala ya mbili. Nikaziba matundu yote ya nailoni. Nikaiimbia, kwa sababu mwalimu wa shule ya Jumapili alisema viumbe vyote husikia sifa. Ikakauka. Ya tatu nayo ikakauka. Mtoto anaweza kuvumilia kukosa kitu. Lakini hiki kilikuwa kinaahidiwa, kinavimba mbele ya macho yako, kisha kinaondolewa, na hakuna wa kugombana naye.

Jioni Baba alikuja moja kwa moja nyuma ya jikoni kabla hata ya kuvua viatu. "Bado?" ananiuliza. "Bado," najibu. Alitikisa kichwa taratibu na kuniambia tusikate tamaa, lakini mimi nilisikia kama ananiambia nimemnyima barua yake.

Na huku Cucu alikuwa anakonda. Labda hakuwa anakonda. Labda ni macho yangu. Alipewa chai ya maji ya kisima, akanywa funda moja, akaiweka chini. "Hii si chai. Hii ni maji ya kuoshea jembe." Maziwa yaliganda juu kwa vipande. Siku ya tatu hakuitaka kabisa. Akawa anakaa kwenye kigoda chake karibu na moto, mikono ikishika kikombe kitupu, kwa sababu mikono ilizoea joto lake. Hakunilaumu, na aliponitania ilikuwa kwa sauti ndogo.

"Mume wangu ana funguo ya maji shingoni, na mke yake anakauka kama ile kitu ya Kitisuru."

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka ile picha iliyokuwa kwenye ukuta wa darasa: sufuria juu ya jiko, mvuke unapanda, na chini yake maandishi makubwa kwamba maji yaliyochemshwa ni maji safi. Tuliyasoma kwa sauti kila asubuhi. Kipindupindu kilikuwa kimepita upande wa Kawangware, na walimu hawakutaka mchezo. Nikatazama ile picha siku moja, na jibu likanijia lote kwa pamoja. Mmea ulitaka maji safi. Maji ya mvua yalikuwa safi. Maji yaliyochemshwa nayo yalikuwa safi, serikali ilisema hivyo. Cucu yeye alihitaji ya mvua kwa ajili ya ladha, si usafi. Kwa hiyo kila mmoja angepata chake, na fimbo ya Baba isingeona tofauti yoyote, kwa maana mkebe uliotoka pipani ungebaki kuwa ule ule mmoja kwa siku.

Nilijiona mwenye akili kuliko nyumba nzima.

Alfajiri hiyo, wazazi walipokwisha kuondoka, nilifungua kufuli, nikajaza mkebe, nikauweka mbele ya Cucu. Aliutazama ule mkebe, akanitazama mimi.

"Baba yako anajua?"

"Kuna ya mmea. Nimetafuta."

"Umetafuta wapi, mume wangu?"

"Kuna tu, Cucu. Pika chai."

Akapika. Nusu asubuhi, nusu saa kumi. Alikunywa akiwa amefumba macho, na alipomaliza alinimwagia tone la mwisho kiganjani, nikalilamba. Nami nilichukua maji ya kisima, nikayachemsha kwenye jiko la makaa. Kwa kuwa nilitaka yawe safi zaidi ya safi, nikayachemsha mara ya pili, yakapungua karibu nusu. Hiyo ndiyo harufu ninayoisema. Yalipopoa, nikaupa mmea.

Nilifanya hivyo kila siku, tangu kiangazi kilipokuwa kikali hadi mvua ya masika, ambayo mwaka huo ilichelewa mno. Hakuna mtoto aliyewahi kufanya kazi kwa uaminifu zaidi. Niliunguza vidole. Nilichelewa shule nikachapwa. Kadiri mmea ulivyozidi kuwa mbaya ndivyo nilivyozidi kuchemsha, hata mara tatu, nikidhani kuna uchafu uliobaki. Kingo za majani zikawa kahawia kana kwamba zimepitishwa motoni. Njegere hazikutokea tena kabisa. Yale majani laini ya chini yakaanza kuota weupe juu yake, na mimi nikadhani ni ukungu wa milimani, ule wa Asia, umeufuata mmea wake hadi Mutuini. Nilifurahi. Nikamwambia Baba.

Baba akachutama, akagusa ule weupe kwa kidole, akauonja.

"Ni chumvi," akasema. Akafikiri. "Ni ile samadi. Bado inatoka."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na funguo shingoni. Sikuelewa. Maji yangu yalikuwa safi, kwa hiyo chumvi haikuweza kutoka kwangu. Nikaamini ni samadi ya Cucu, na nikamchukia Cucu kwa siku nzima, kisha nikampelekea mkebe wake kama kawaida.

Mvua iliponyesha mizizi ilikuwa nyeusi. Pipa lilijaa likafurika, Baba akaumwagia mmea ndoo baada ya ndoo, lakini ilikuwa ni kama kumpa maji mtu aliyekwisha kuvishwa sanda.

Madam alirudi mwezi wa saba, wakati wa baridi. Baba alivaa shati la kanisani. Hakuutupa ule mmea, na hilo bado linanisumbua. Aliuweka tena kwenye katoni, bua kavu na majani mawili, akaubeba, akanichukua na mimi. Nadhani alitaka nione. Madam alitoka barazani akiwa amejifunga shali, mwembamba kuliko alivyoondoka. Alichungulia ndani ya katoni.

Nilingoja Baba aseme habari ya samadi. Njia nzima nilikuwa najiambia atasema.

"Imenishinda, Madam," akasema.

"Pole, Samuel," Madam akajibu. "Hii ni ngumu sana. Hata mimi niliua mbili." Akamwuliza habari za nyumbani, akanipa biskuti, akamwonyesha mahali ua wa michongoma ulipohitaji kukatwa. Habari ya kitalu hakuitaja, na Baba hakuuliza. Alivua shati la kanisani, akalitundika kwenye mti, akaanza kukata ua akiwa amebaki na fulana, huku mimi nimekaa na biskuti mkononi nisiyoweza kuila.

Jioni hiyo, Cucu akiwa na chai yake ya saa kumi na maji ya mvua yakiwa tele sasa, Baba alisimama mbele yake.

"Mama, ile mbolea yako imekula kazi yangu."

Cucu aliinua macho. Hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, juu ya mdomo wa kikombe, muda mrefu, na nikajua kwamba ameshahesabu: mkebe wake ulitoka wapi, na wa mmea ulitoka wapi. Angeweza kusema neno moja.

"Pengine," akasema.

Kabla ya mwaka kuisha alikwenda kuishi Kabiria kwa shangazi yangu. Walisema ni kwa sababu hospitali iko karibu. Baba alikwenda kumwona Jumapili, akikaa dakika chache na koti bila kulivua. Cucu alifia huko. Tulimzika nyumbani Mutuini, na Baba aliendelea kukata nyua za watu kwa malipo ya siku mpaka magoti yakamkatalia.

Nikiwa Ghuba, kwenye somo la kwanza kabisa la diploma, mwalimu alichora sufuria ubaoni na mvuke ukipanda, akauliza nini kinabaki chini. Mimi nilikuwa nimeinua mkono. Nilipata alama za juu katika somo hilo, za juu kuliko zote, na usiku huo sikulala.

Utadhani nilimpigia Baba simu. Sikumpigia. Nilituma vitu: mabati, simu, dawa za magoti. Niliporudi nikajenga. Nilijiambia kwamba nitamweleza vizuri, kitaalamu, siku nikiwa na nafasi. Mwaka ukapita, na mwingine.

Basi siku ya lile birika la Kitisuru sikwenda kwa mteja wa pili. Niliendesha hadi Mutuini. Baba alikuwa ameketi nje akimenya viazi kwa ajili ya Mama, kisu kikitembea polepole. Nilichukua glasi mbili jikoni. Moja nikaitia maji ya kisima, nyingine maji ya kisima niliyoyachemsha pale pale mpaka yakapungua. Nikaziweka kwenye stuli mbele yake, nikatoa kipimo.

"Baba, ule mmea wa Madam. Haukuuliwa na samadi."

Kisu kikasimama. Hakuuliza mmea gani.

"Ni mimi. Nilikuwa naupa ya kisima. Nilichemsha nikidhani inakuwa safi. Sasa angalia hapa, hii namba ni ya maji bila kuchemsha, na hii nyingine…"

"Ya mvua ulikuwa unapeleka wapi?"

"Ngoja kwanza uone namba. Unaona inavyopanda? Hii ni magadi na floraidi, maji yakipungua…"

"Njoroge. Nimekuuliza ya mvua ulikuwa unapeleka wapi."

"Kwa Cucu," nikasema. "Ya chai."

Alikiweka kiazi ndani ya beseni. Akakitazama kana kwamba hajui kimefikaje pale.

"Siku ngapi?"

"Zote. Tangu alipoikataa ile ya kisima mpaka mvua."

"Jioni nikirudi nilikuwa naona sufuria yake iko kando ya moto," akasema. "Nilikuwa nikifikiri ni ya kisima. Nilikuwa napita mbio kwa mmea, ndio nisimwone na kikombe chake."

Nikarudi kwenye lile ninalolijua. Nikamwambia kwamba kazi ile ya barua ni mimi niliyeipoteza, na kwamba mmea ule ungepona, pengine ungetoa mtungi, kama si chumvi, na kwamba ningeweza kumwonyesha hesabu yake.

"Kazi ilienda," Baba akasema. "Hiyo nilijua imeenda." Akafuta mikono kwa suruali. "Alikuwa anaweka maziwa?"

"Mengi. Na majani ya chai hadi inakuwa nyekundu."

"Huyo ni yeye." Alicheka kidogo, cheko lililotokea puani. Mimi nilikuwa bado nimeinamia glasi zangu na kipimo, maelezo yote yakiwa tayari mdomoni, yale niliyoyalipia kwa miaka ya jasho, na mtu niliyetaka ayasikie kuliko wote akiwa hayataki. Nilitamani anikaripie. Nilitamani hata aulize maana ya ile namba.

"Asubuhi alikunywa," akasema.

"Ndiyo."

"Na mchana?"

"Saa kumi. Kila siku, nikitoka shule."

Akasogeza stuli yangu pembeni kwa mguu, na glasi zake zote mbili, ili anione vizuri.

"Hebu niambie tena hiyo ya saa kumi."